Kukokotoa Gini: Excel, Stata, R au Python?

Chukua kaya kumi za mtaa mmoja. Mapato yao ya mwezi, kwa maelfu ya shilingi, ni haya: 80, 100, 120, 150, 180, 200, 250, 320, 500 na 1,100. Jumla 3,000. Ukiziingiza namba hizi kwenye programu ya takwimu iitwayo R kwa kifurushi (nyongeza ya kupakua) kiitwacho ineq, Gini, yaani kipimo cha ukosefu wa usawa, inatoka 0.443. Ukiziingiza kwenye R hiyohiyo kwa kifurushi cha DescTools, inatoka 0.493. Hakuna aliyekosea hapo. Kifurushi cha pili kinazidisha jibu kwa n/(n−1), n ikiwa idadi ya kaya, yaani 10/9, ili kufidia udogo wa sampuli, na kinafanya hivyo bila kuulizwa.

Basi mwanafunzi anayeuliza "nitumie programu ipi?" kwa kawaida anahangaika na kitu kisichomhusu sana. Kipimo cha Corrado Gini cha mwaka 1912 ni kilekile kokote utakakokikokotoa, na mchoro wa mgawanyo wa mapato wa Max Lorenz wa 1905, ambao kinatokana nao, ni uleule. Programu zinatofautiana katika mambo zinayoyafanya kimyakimya: zinavyoshughulikia nafasi tupu, sifuri, uzito wa sampuli na masahihisho kama hayo ya juu. Mengine ni mfuko wako, na mtu atakayekagua kazi yako.

Kwa aliyesahau: Gini ya 0 maana yake wote wana sawa, na ikikaribia 1 maana yake karibu kila kitu kiko mikononi mwa mmoja. Benki ya Dunia huandika kwa kizio cha mia: Afrika Kusini 63.0 (2014), Kenya 40.8 (2015), Tanzania 40.5 (2018). Nchi zetu nyingi hupima matumizi ya kaya badala ya mapato, kwa kuwa mkulima au mama lishe anakumbuka alichonunua kuliko alichoingiza. Hesabu haibadiliki, ila tafsiri inabadilika, kwa hiyo usilinganishe Gini ya matumizi na Gini ya mapato kana kwamba ni kitu kimoja.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima programu nne kwa maswali matano. Kwanza, gharama: leseni, bando la kupakua, na kompyuta inayotosha. Pili, uzito: je, inaweza kuhesabu sampuli ambayo kila kaya inawakilisha kaya nyingine mamia, na je, inaweza kuhesabu watu badala ya kaya? Tatu, shaka: je, inakupa kosa sanifu, yaani kipimo cha namba yako inavyoweza kupotoka kwa kuwa umeuliza sampuli tu, au inakupa namba moja tupu? Nne, mtego: inakosea vipi bila kukuambia? Tano, inamfaa nani.

Swali la tatu ndilo watu hulipuuza kuliko yote. Tazama tena Kenya 40.8 na Tanzania 40.5. Kuna atakayeandika kwamba Kenya ina ukosefu wa usawa mkubwa kuliko Tanzania. Tofauti ya 0.3 kati ya sampuli mbili, tena za miaka tofauti, haisemi lolote mpaka uone kosa sanifu la kila upande.

Excel (na LibreOffice Calc)

*Gharama.* Wengi tayari wanayo, kazini au chuoni. Asiyenayo ana LibreOffice Calc, ya bure na fomula karibu zilezile. Haihitaji intaneti. Laha moja inabeba mistari 1,048,576, na sampuli ya kaya haifiki huko: utafiti wa bajeti ya kaya wa Kenya wa 2015/16, ule wa KIHBS, ulipanga kaya 24,000.

*Namna yake.* Panga mapato kutoka dogo hadi kubwa kwenye A2:A11, andika nafasi 1 hadi 10 kwenye B2:B11, kisha:

=2*SUMPRODUCT(A2:A11,B2:B11)/(10*SUM(A2:A11))-11/10

Kwa kaya zetu kumi, SUMPRODUCT inatoa 23,150 na jibu ni 0.443. Uzuri wa Excel ni huo: unaiona kila hatua, na unaweza kumwonyesha mwenzako kwa kidole kwamba kaya yenye 1,100 peke yake imechangia 11,000 kati ya hizo 23,150. Sijaona njia bora ya kufundishia Gini darasani.

Kama unatumia Excel ya Kifaransa, kama ilivyo kawaida Goma na Bujumbura, SUMPRODUCT ni SOMMEPROD na SUM ni SOMME, na mara nyingi vitenganishi ni nukta-mkato badala ya mkato. Ukinakili fomula ya Kiingereza kama ilivyo utaletewa kosa, nawe utadhani hesabu ndiyo mbovu.

*Uzito.* Inawezekana, ila kwa jasho. Weka matumizi ya kila mtu kwenye safu A, uzito kwenye B, zao lake (A mara B) kwenye C, mgao limbikizi wa watu (sehemu ya watu wote hadi mstari huo) kwenye D, mgao limbikizi wa matumizi kwenye E. Mstari wa kwanza wa D na E uwe sifuri. Kwenye F andika =(D3-D2)*(E3+E2) na uiburute hadi chini. Gini ni 1 toa jumla ya F. Ukitaka Gini ya kila mkoa, unarudia zoezi zima mkoa kwa mkoa. Hapo ndipo wengi hukata tamaa.

*Shaka.* Kosa sanifu halimo. Unaweza kulitengeneza kwa makro, yaani programu ndogo unayoiandika ndani ya Excel, lakini ukishafika kwenye makro umeshafika mahali ambapo R ingekuwa rahisi zaidi.

*Mtego.* Kupanga. Excel haijui kwamba fomula yako inadai namba zilizopangwa. Zigeuze zile kumi zianze na kubwa, jibu linakuwa −0.443, na hapo angalau alama ya kutoa inakushtua. Zikivurugika nusu tu, labda kwa sababu ulipanga safu moja ukasahau nyingine, utapata 0.31 au 0.27 inayopendeza macho na haina maana yoyote. Dawa ni kuacha kutegemea mpangilio: nafasi zipatikane kwa =RANK.AVG(A2,A$2:A$11,1), nayo inashughulikia hata kaya zenye mapato sawa.

*Inamfaa* mwalimu, mhasibu wa kikundi anayetaka kuona akiba za wanachama zimegawanyikaje, afisa wa halmashauri mwenye jedwali moja dogo, na yeyote anayejifunza kwa mara ya kwanza. Haimfai mwenye data ya utafiti wa taifa.

Stata

*Gharama.* Hapa ndipo pagumu. Ni ya kulipia, na hata leseni ya mwanafunzi ni pesa ya kufikiria mara mbili. Zile zilizochakachuliwa zinazozunguka kwenye flashi mabwenini zina tatizo zaidi ya la kisheria: nyingi ni toleo la zamani lililoharibiwa, na ukiandika kwenye tasnifu "nimetumia Stata" msimamizi ana haki ya kuuliza leseni ni ya nani. Kama chuo au ofisi inayo, umebahatika.

*Namna yake.* Stata haina Gini ndani yake moja kwa moja. Unapakua amri zilizoandikwa na watumiaji, na maarufu kuliko zote kwa kazi hii ni ineqdeco ya Stephen Jenkins:

ssc install ineqdeco
gen uzito_watu = uzito_kaya*ukubwa
ineqdeco matumizi [aw=uzito_watu], by(mkoa)

Mistari mitatu. Unapata Gini ya nchi nzima, Gini ya kila mkoa, na vipimo vingine vya ukosefu wa usawa kama Theil na Atkinson, pamoja na mchanganuo wa kiasi gani cha tofauti kiko ndani ya mikoa na kiasi gani kiko kati ya mkoa na mkoa. Mchanganuo huo ni wa jamii ya Theil. Gini yenyewe haigawanyiki kwa unadhifu namna hiyo, kwa hiyo usije ukaandika kwamba "asilimia kadhaa ya Gini inatokana na mikoa" kwa kusoma jedwali lile.

*Uzito.* Hili ndilo eneo lake. Angalia mstari wa pili wa amri. Uzito unaokuja na data ni wa kaya. Ukiutumia peke yake, kaya ya watu tisa na kaya ya mtu mmoja zinahesabika sawa, wakati unachotaka kusema mara nyingi ni juu ya watu. Kuzidisha kwa ukubwa wa kaya kunatengeneza hilo. Kuna na suala la kigawanyo: wengine wanagawa matumizi ya kaya kwa idadi ya watu, wengine kwa "watu wazima" ambapo mtoto anahesabiwa pungufu ya mmoja. Data ileile, vigawanyo viwili, Gini mbili. Usipoandika ulichotumia, hakuna atakayeweza kuipata namba yako.

*Shaka.* Zipo amri za ziada, fastgini ikiwemo, zinazotoa kosa sanifu. Na kuna DASP, mkusanyo wa Abdelkrim Araar na Jean-Yves Duclos wa chuo cha Laval, Kanada, unaofanya kazi kwa menyu kwa wasiopenda kuandika amri.

*Mtego.* Kuna miwili. Wa kwanza: ineqdeco inazitupa kaya zenye sifuri au hasi. Kwa matumizi si neno, kwa kuwa hakuna anayeishi mwezi mzima bila kutumia chochote. Kwa mapato ni neno kubwa. Ongeza kwenye kaya zetu kumi kaya ya kumi na moja isiyo na kipato: ineqdeco itaendelea kusema 0.443, ilhali dada yake ineqdec0, inayozikubali sifuri, itasema 0.494. Wa pili: kwa Stata nafasi tupu ni kubwa kuliko namba yoyote. Ukiandika "if mapato > 1000000" umewajumlisha na wasiojibu, na matajiri wako wataongezeka ghafla.

*Inamfaa* mchumi aliyeajiriwa au mwanafunzi wa uzamili kwenye idara inayoitumia. Faili la amri la Stata lililoandikwa zamani, likianza na mstari wa "version", linafanya kazi hadi leo. Na data za kaya za Benki ya Dunia, kama ule utafiti wa kufuatilia kaya zilezile ulioanza Tanzania mwaka 2008/09, zinapatikana tayari kwa faili za .dta, umbo la Stata.

R

*Gharama.* Bure kabisa, na halali. Gharama yake ni bando la kupakua vifurushi na muda wa kujifunza. Inafungua faili za .dta kwa amri ya read_dta ya kifurushi cha haven, kwa hiyo usiogope kwamba data yako imekuja kwa umbo la Stata.

*Namna yake.* Tatizo la R ni wingi. Kuna ineq, DescTools, laeken, reldist, convey na nyingine, na kila moja ina tabia yake. Kwa kaya zetu kumi, ineq inasema 0.443, DescTools 0.493, laeken inasema 44.3 kwa kuwa yenyewe inaandika kwa mia. Aliyechukua Gini mbili kutoka vifurushi viwili na kuziweka kwenye jedwali moja ameshaharibu jedwali. Chagua kimoja, kitaje kwa jina, baki nacho.

*Uzito na shaka* nitaviweka pamoja, kwa sababu kifurushi cha convey, kikishirikiana na survey cha Thomas Lumley, kinavifanya kwa pigo moja:

library(survey)
library(convey)
d <- svydesign(ids=~eneo, strata=~tabaka, weights=~uzito_watu, data=kaya)
d <- convey_prep(d)
svygini(~matumizi, d)
svyby(~matumizi, ~mkoa, d, svygini)

Mstari wa tatu unaieleza R kwamba sampuli haikuokotwa kaya mojamoja: maeneo ya kuhesabia yalichaguliwa kwanza, kisha kaya ndani ya kila eneo. Majirani hufanana, kwa hiyo kaya kumi na mbili za mtaa mmoja zinakupa habari pungufu kuliko kaya kumi na mbili zilizotawanyika nchi nzima. Ukilisahau hili, kosa sanifu linatoka dogo kuliko haki yake na kila tofauti inaonekana ya maana. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayonipa amani zaidi ninapotaka kusema kwamba mkoa huu umepishana na ule.

*Mtego.* convey_prep lazima ifuate svydesign papo hapo, kabla hujakata kipande chochote cha data. Ukikata mjini na kijijini kwanza halafu ukaiandaa, makosa sanifu yatakuwa na kasoro. Na vifurushi vya R hubadilika: faili la amri la miaka michache iliyopita linaweza kugoma leo. Hifadhi namba ya toleo la kila kifurushi pamoja na kazi yako.

*Inamfaa* mtafiti asiye na bajeti ya leseni, mwanafunzi anayetaka ujuzi atakaoondoka nao chuoni, na taasisi inayotaka wengine waweze kukagua hesabu zake bila kununua kitu. Wiki za mwanzo zina ukali wake, hasa kwa mtu ambaye hajawahi kuandika amri.

Python

*Gharama.* Bure vilevile, na kwa mwenye kompyuta dhaifu kuna Google Colab inayoendesha kila kitu kwenye kivinjari, mradi intaneti iwepo.

*Namna yake.* NumPy, kifurushi cha Python cha hesabu, haina Gini. Kuna kifurushi cha inequality cha mradi wa PySAL, lakini wengi huandika wenyewe, maana ni mistari michache:

import numpy as np
x = np.sort(np.array([80,100,120,150,180,200,250,320,500,1100]))
n = len(x)
i = np.arange(1, n+1)
print(2*(i*x).sum()/(n*x.sum()) - (n+1)/n)

*Uzito.* Unaandika mwenyewe, kwa hatua zilezile za safu D, E na F za Excel. *Shaka* nayo unaitengeneza kwa kuchukua sampuli upya mara elfu, ukikumbuka kuchukua maeneo mazima na si kaya mojamoja. Si vigumu kwa anayeijua Python, ila hakuna atakayekukumbusha ukisahau.

*Mtego.* Huu ni mbaya kuliko yote niliyotaja. Data ikitoka kwenye pandas, kifurushi cha majedwali, yaani ikiwa safu ya jedwali badala ya safu ya NumPy, .sum() inaziruka nafasi tupu lakini len() inazihesabu. Weka nafasi mbili tupu mwishoni mwa zile kaya kumi, uendeshe fomula ileile: n inakuwa 12, na Gini inaporomoka kutoka 0.443 hadi 0.203. Hakuna onyo lolote. Mtaa wenye pengo kubwa unageuka mtaa wa watu wanaokaribiana, kwa sababu tu kaya mbili hazikujibu. Andika dropna(), inayoondoa nafasi tupu, kabla ya kitu kingine chochote.

*Inamfaa* mtu ambaye Gini ni kipande kidogo cha kazi kubwa: anasoma mamilioni ya miamala ya pesa za simu, anachora ramani, au anataka hesabu ijiendeshe kila mwezi. Mchumi wa kaya anayeanza leo hana sababu kubwa ya kuanzia hapa.

Uchague vipi

Unataka namba ya nchi tu, kwa ajili ya makala au utangulizi wa tasnifu? Usikokotoe chochote. Benki ya Dunia ina jukwaa lake la umaskini na ukosefu wa usawa, PIP, lililochukua nafasi ya jukwaa lake la awali, PovcalNet, mwaka 2022. Chukua namba pamoja na mwaka wake, na uandike kama ni ya matumizi au mapato.

Una jedwali la watu thelathini au mia mbili, wote wana uzito sawa, na kesho unaliwasilisha kwenye kikao: Excel, kwa RANK.AVG. Sampuli ikiwa ndogo hivyo, amua mapema kama utazidisha kwa n/(n−1) na uiandike chini ya jedwali. Kwa kaya 24,000 masahihisho hayo hayaonekani hata kwenye nafasi ya nne ya desimali.

Una data ya utafiti wa taifa na ofisi ina Stata: tumia Stata, wenzako watakusaidia ukikwama. Una data ileile na huna leseni: R na convey. Kama msimamizi wako anajua Stata tu nawe una R, fanya kazi kwa R, kisha muombe aendeshe ineqdeco mara moja kwenye data ileile. Namba mbili zikikubaliana hadi desimali ya tatu, mna ushahidi kwamba uzito na nafasi tupu vimeshughulikiwa sawa. Zikipishana, anzieni kwenye sifuri, kisha uzito wa watu, kisha zile namba za kihuni kama 99999 ambazo dodoso huwapa waliosema "sijui".

Tayari unaandika Python kila siku: baki nayo, lakini zipitishe kwanza zile kaya kumi za juu kwenye msimbo wako, mara moja zikiwa kamili na mara nyingine zikiwa na nafasi mbili tupu. Zote mbili zitoe 0.443.